Nguzo ya Mwisho ya Mhandisi Clotilda

Mhandisi Clotilda Shirima anastaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya ukaguzi wa majengo ya kale kwa miaka thelathini na mmoja. Wasifu wake ulikuwa umeshafika kwa mpiga chapa. Imebidi tuuandike upya.

Kazi yake ilikuwa kupima afya ya mawe yaliyomo ndani ya kuta bila kuzibomoa. Kifaa chake hupitisha mawimbi ya sauti, ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kutoka upande mmoja wa ukuta hadi wa pili. Jiwe zima huyapitisha upesi. Penye ufa au uwazi yanachelewa.

Kariakoo walimzoea. Siku moja akiwa anapaka grisi ukutani ili kifaa kishike, Mzee Abdulrazak, muuza vitenge, alimnong'oneza: "Mama, ukiziona rupia za Mjerumani zilizofichwa humo ukutani, tugawane."

"Nimeona panya, mzee wangu. Nikukatie nusu?"

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuwa akimkabidhi kazi mrithi wake, Abdulmalik. Wakaamua kufanyia mazoezi nguzo ya mapokezi, hapa hapa ofisini, katika jengo la zamani tulilopanga karibu na Feri. Mganga hajigangi: nguzo hiyo tulikuwa hatujawahi kuipima. Mawimbi yakachelewa mno. Clotilda akabadilisha waya. Akafuta grisi, akapaka upya. Yakawa yale yale.

Ndipo Clotilda, mama ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, akapiga kelele: "Tokeni nje! Wote! Acheni kila kitu!"

Najma wa uhasibu alicheka, akidhani ni mzaha wa kutuaga. "Dada Clotilda, keki bado!" Alipoona midomo ya Clotilda inavyomcheza, aliacha viatu chini ya meza akakimbia.

Mafundi waliegemeza dari kwa vyuma, kisha wakabandua plasta. Hatukuamini macho yetu. Bomba bovu lilikuwa limeilowesha nguzo kwa miaka, chokaa imekuwa tope, na mkono wa fundi ukazama ndani hadi kwenye kiwiko. Juu ya nguzo hiyo ndipo ulipo ukumbi tuliopanga kufanyia sherehe hii, pamoja na familia zetu na muziki.

Clotilda alikaa kwenye ukingo wa barabara akalia. "Wajukuu zangu wangecheza pale juu," alisema. Najma, miguu mitupu, alikaa kando yake akamshika mkono.

Ndiyo maana leo tumekutana Upanga, chini ya turubai. Tumekuja wote.

Dada Clotilda, asante kwa kazi yako, na asante kwa uhai wetu. Mungu akupe siku nyingi za raha na usingizi mzuri, na wajukuu wako wacheze mpaka wachoke. Wakianza leo, hapa hapa kwenye nyasi, sisi tutapiga makofi.