Ufagio wa Anko wa Chini

Wanakikundi, wenzangu wa ugonjwa wa sukari, hamjambo? Hiyo chai naiona, na aliyetia vijiko vitatu namjua. Simtaji.

Mke wangu alipofariki niliacha teksi, nikajifungia kwenye fleti yangu hapa Alexandria, si ile ya mafarao. Binti yangu akija kutoka Arlington, namjibu kupitia mlangoni kwamba niko fiti. Uongo mtupu. Nilikuwa na hasira, na nikapata pa kuipeleka: juu.

Juu yangu alihamia mama wa Kihindi, mwalimu wa ngoma. Kila Jumamosi jioni wasichana sita, njuga miguuni, wanapiga sakafu pa! pa! mpaka vikombe vyangu vinatetemeka kabatini. Nikagonga dari kwa ufagio. Nika-complain ofisini mara mbili. Mwisho nikapanda mwenyewe, nimevaa singlendi.

Ndugu zangu, nawaambia, niliwakuta wameinama wote, wanagusa sakafu kisha macho yao. Mama akanieleza kwamba ngoma ile asili yake ni hekaluni, ni sala. Kwa hiyo kabla ya kuikanyaga ardhi lazima waiombe radhi.

Nikamwambia, "Mama, hii ni ghorofa ya tatu. Ardhi iko mbali. Anayekanyagwa hapa ni mimi!"

Nilidhani nimemkomesha. Kumbe amelichukulia kwa uzito! Tangu siku hiyo, wakishaiomba ardhi, wanapaza sauti: "Sorry, Anko wa chini!" Nami najibu kwa ufagio, mara mbili: nimesamehe. Bila hivyo hawaanzi. Mimi, Mlutheri wa Moshi, nikawa naingoja Jumamosi kuliko Jumapili. Mchungaji asisikie.

Sasa sikieni ujinga wangu. Jumamosi moja nilijichoma insulini, ugali uko mezani. Marehemu angesema, "Kula kwanza, baba." Nikasema ngoja, wasije wakaniomba radhi nina tonge mdomoni. Nikakaa na ufagio kama askari wa lindo. Sukari ikashuka, jasho likanitoka. Nikasikia "Sorry, Anko!" Nikainua ufagio, ukanishinda, tukaanguka wote wawili.

Wakarudia. Kimya. Mwingine angesema mzee kalala, tuendelee. Mama yule akakataa: hajasamehe, hatuchezi. Akashuka nao. Bahati mlango siku hizo sikuwa naufunga, kwa sababu walizoea kuniletea dengu.

Nilifumbua macho nikaona miguu kumi na minne, njuga tupu. Nikawaza, kumbe mbinguni si kama tulivyofundishwa! Mama ananipaka asali kwenye fizi, msichana mmoja anaita ambulensi huku analia.

Hospitali daktari akaniuliza kama naishi peke yangu. Tangu mke wangu aende, ndiyo mara ya kwanza nilijibu hapana.

Namshukuru mama yule na wanafunzi wake, na binti yangu, ambaye sasa namfungulia mlango. Nanyi mlionivuta kwa nguvu nijiunge na kikundi hiki, asanteni. Somo langu ni dogo: kula kwanza, na uwe na mtu ambaye ukikaa kimya atakuja kukutafuta.

Sasa niruhusuni niondoke. Leo Jumamosi, na bila mimi hawaanzi.