Uso Niliomtengenezea Mume Wangu

Ndugu zangu, akina mama wa kikundi chetu, mnivumilie leo, kwa sababu mimi nikianza kuongea sina breki. Na jambo hili sijawahi kulisema mbele ya watu.

Mnajua mume wangu alifia kwenye shimo la dhahabu kule Tiira. Udongo ulimfunika. Binti yetu alikuwa bado ananyonya. Baada ya mazishi nikatafuta picha yake, sikupata. Simu yake aliingia nayo shimoni. Ilibaki kopi ya kitambulisho tu, imefifia, ametoa macho kama mtu aliyekamatwa. Alikuwa hapendi kupigwa picha, nami kila mara nasema, sawa, tutapiga Krismasi.

Nilimkosa, jamani. Nilikuwa napakua sahani mbili, halafu namaliza zote mwenyewe.

Dada mmoja mwenye duka la kuchapisha pale Busia akanionyesha hii AI ya kwenye simu, inayotengeneza picha. Nikaandika kabila letu na sura yake: mwanamume Mpadhola, mweusi, mchekaji. Ikanipa bwana wa suti, nyuma yake ofisi. Mume wangu suti aliijulia wapi? Dada akacheka. "Mama, hiyo haimjui mzee wako. Ipe picha yake iifuate."

Nikaipa ile kopi. Ndugu zangu, nawaambia, alipotokea nililia kwa sauti pale dukani. Si kamili, lakini ni yeye.

Hapo ningeacha. Sikuacha. Nilitaka acheke, basi nikairudisha ile picha iliyotoka, nikaiambia imfuate huyo, acheke. Ilipotoka ya kucheka, nikairudisha hiyo nayo, nikasema amshike mtoto. Hivyo hivyo, miezi. Na kila picha ilimpunguza kidogo: mara kovu la kwenye nyusi halipo, mara pengo la meno limezibwa. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa anapendeza. Shamba likajaa magugu, mimi nashinda na simu. Mtoto naye nikamfundisha. Nikimuuliza baba yuko wapi, anabusu kioo cha simu.

Siku ya kumaliza matanga, ambayo kwetu huja baada ya miezi mingi, kwa wakwe zangu Kisoko, nilipeleka fulana zilizochapishwa picha hiyo. Mama mkwe akakunjua moja, akaitazama sana.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni yeye, mama."

"Huyu mimi sikumzaa."

Mtoto wangu akainyooshea kidole ile fulana: "Baba!" Nilikuwa nimempa mtoto wangu baba asiye wake. Na mimi nikifumba macho, mume wangu simwoni tena, namwona yule wa simu. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Mama mkwe hakunifokea. Aliniketisha mkekani pembeni yake, akasema, "Leta hiyo kopi." Tukaanza upya na kopi peke yake. Halafu tukaongeza za ndugu zake. Shemeji akakubali kupigwa picha mdomo wazi, maana lile pengo ni la ukoo. Nyusi zikatoka kwa mama mkwe. Wazee wakabishana kovu lilikuwa upande gani, mpaka nikasema mimi: kushoto, ndio upande niliokuwa nalala. Jamani, mbona mnacheka? Nilikuwa mke wake! Kila ilipokosea, tuliitupa, tukarudi kwenye kopi.

Mwishowe mama mkwe akaishika simu kwa mikono miwili. "Amekaribia," akasema. Hakusema ni yeye. Tukaacha hapo, na zile fulana hatukuzivaa.

Namshukuru mama huyo, na shemeji, na dada wa duka, na nyinyi mliopalilia shamba langu bila kuniuliza maswali. Nilichojifunza ni hiki: picha ya mtu wako ianze na ya kweli, hata kama ni mbaya, na kila mara urudi kwa hiyo. Na uwaite waliomjua, usikae peke yako ukimpamba.

Lakini sitawadanganya, bado namkosa. Picha haijaniondolea hilo. Kwa hiyo nyinyi mlio na waume, mkifika nyumbani leo, wapigeni picha. Akikataa, mpige akiwa amenuna. Mimi ningetoa chochote nimwone wangu amenuna.