Virusi vya Mwalimu Peniel

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, wapendwa Bwana Yesu asifiwe, na majirani zetu Waislamu mliokuja kutushika mkono, asalaam aleikum. Tumekaa kumsindikiza Peniel Ezekieli Msengi, na familia inajua kwamba wengi mmekuja na maswali mawili mfukoni, Peniel kafa na nini hasa, na mke wake Loyce anarudi lini kwao Kinyangiri, hata nyie mnaonong'ona kule mwisho wa turubai tunawaona, basi nyamazeni kidogo, mtajibiwa yote mawili, ila kwanza mtu azaliwe.

Peniel alizaliwa hapa hapa Kinampanda, Ijumaa tarehe 14 Machi 1986, mvua ikinyesha ya kuogopesha, mtoto wa tatu wa marehemu Ezekieli Msengi na marehemu mama Raheli, na kwa kuwa hao wametangulia, maneno haya yametoka kinywani mwa bibi yake, Damari, aliyempokea kwa mikono yake na kitovu chake anajua kilipo. Alikuwa mtoto wa kutoamini tangu anatambaa, ukimwambia kuku ametaga anakwenda kuangalia, akishaliona yai anarudi kuuliza, "Bibi, una hakika ni kuku wetu?"

Shule ya msingi alianza hapa kijijini mwaka 1994 akamaliza mwaka 2000, sekondari akaingia 2001 mpaka 2004, halafu akakaa nyumbani analima alizeti na baba yake, mpaka mwaka 2007 alipokwenda Dodoma kusomea kompyuta, akamaliza 2009, na mwaka 2010 akapata kazi ya kufundisha katika chuo kimoja pale Kiomboi, kazi aliyoifanya hadi alipoishiwa nguvu.

Bibi yake alimuuliza siku moja kama hicho kidude kinafikiri, naye akasema hapana bibi, kinatii tu, ukikiambia twanga kitatwanga, na kama hukukiambia uache unga ukilainika, kitatwanga mpaka kinu kitoboke. "Basi ni kijinga!" "Kijinga sana bibi, ndiyo maana kikikosea hatukipigi, tunarudi mstari wa kwanza wa yale tuliyokiambia, tunasoma mmoja mmoja mpaka tufike pale maneno yetu yalipopinda." Akasema tena kwamba ndani yake kuna mama mwenye nyumba, wao wanamwita mfumo endeshi, jiko analo moja na vyungu vingi, mboga anaipa moto kidogo anaishusha, ugali anaupandisha, maharage yanasubiri, kwa wepesi mpaka wewe uliyekaa sebuleni unadhani vyote vinaiva pamoja, na mama huyo huyo ndiye anayejua mgeni anaishia wapi na chumba cha ndani anaingia nani. Na kitu cha mtu, aliwaambia wanafunzi wake, usikichomeke kwenye kompyuta yako kabla hujakikagua, hata kama ni cha mchungaji, wakampa jina la Kagua Kwanza.

Kwa Loyce alikwenda kwa tabia hiyo hiyo, akauliza ya kwao, akauliza ya kanisani, akauliza tena, mpaka binti wa watu akamwambia, "Kaka, umekuja kuchumbia au umetumwa na serikali?" Walifunga ndoa Kinyangiri Jumamosi tarehe 6 Oktoba 2012, Mungu akawapa Eliza mwaka 2013 na Abraham mwaka 2017, na nyumba yao ni ile ya bati jekundu mnayoiona.

Sasa tuje kwenye mnachokisubiri. Krismasi ya mwaka 2022 Peniel alikuwa nyumbani, mtandao hapa mnaujua, mpaka upande kwenye kichuguu, akapanda akawa anaongea kwa sauti na mwalimu mwenzake, Frank, na chini yake shangazi yake Evodia alikuwa anapepeta alizeti, na upepo ulikuwa unavuma, unachukua neno hili unaacha lile. Aliyoyasikia shangazi ni haya, "Frank, virusi nimevikuta kwangu, ndiyo, kwangu mimi mwenyewe, vimetoka kwa yule dada wa steshenari, nilichomeka bila kinga, sasa waambie wote waliochangia na mimi wapimwe kabla ya Jumatatu."

Shangazi Evodia ungo ulimtoka mikononi. Hakuuliza. Alimwambia mtu mmoja tu, kwa siri, na siri ya hapa kijijini mnaijua inavyotembea, kabla ya Pasaka Loyce akikaa benchi la kanisani watu wanasogea, akileta chakula msibani kinarudi na kifuniko chake, na yeye hajui kosa lake ni nini, akaanza naye kumtazama mume wake kwa jicho la pembeni, maana watu hawasogei bure.

Aprili 2024 Peniel alianza kuvimba miguu, hospitali ya Kiomboi wakasema ni figo, wakampeleka Dodoma, akawa anakwenda kule kusafishwa damu, na neno hilo la kusafishwa damu lilipofika hapa ndiyo likapigilia msumari. "Si niliwaambia?" alisema shangazi Evodia. "Damu safi inasafishwa ya nini?"

Mchana mmoja wa Julai mwaka huu wa 2025 watu wamekaa wanakunywa chai, mtoto Eliza akachukua kikombe cha mama yake, shangazi Evodia akamrukia akakipiga kikamwagika. "Utakufa wewe!"

Peniel alikuwa amelala kwenye mkeka, akainuka kwa kiwiko. "Atakufa na nini, shangazi?"

"Unakijua mwenyewe."

"Sikijui. Nieleze, anza mstari wa kwanza."

Shangazi akaeleza, macho chini, kichuguu, Frank, dada wa steshenari, kuchomeka, kinga. Peniel alicheka mpaka akakohoa, na kukohoa kukageuka kilio, akamtuma Loyce alete flashi, kale kadude ka kuhifadhia kazi, akamwonyesha. "Hiki ndicho nilichochomeka."

Shangazi akakiangalia juu, akakiangalia chini. "Kadogo hivi?"

Akamweleza kwamba virusi vya kompyuta ni maneno tu, kayaandika mtu mwenye nia mbaya, yanajificha ndani ya kitu cha kawaida, ukikifungua yanajizalisha na kuhamia kwa mwenzako, na kwamba siku hiyo yeye Kagua Kwanza alikuwa na haraka, hakukagua. Shangazi akasema, "Mwalimu hakosi maneno." Hakuamini. Hapo Loyce akasimama. "Shangazi, vaa viatu, twende wote zahanati."

"Na mimi wanipime nini, mjane wa miaka yote hii?"

"Kagua kwanza, shangazi."

Walikwenda, wakapimwa wote watatu, Peniel, Loyce na shangazi, hakuna aliyekuwa navyo. Na bibi wa marehemu anasema, hata wangekuwa navyo, angekuwa mjukuu yule yule, Loyce angekuwa mkamwana yule yule, na chai ingenywewa.

Shangazi aliomba msamaha, Peniel akamshika mkono, akasema, kwenye kompyuta yangu nilivifuta siku ile ile, shangazi, kazi ni vile vilivyokwisha kuhamia kwa wengine, haya maneno yako nani atayafuata nyumba kwa nyumba? Kisha akasema, "Yasemwe siku watu wote wamekaa pamoja. Na watu wa hapa wanakaa wote wapi, kama si msibani kwangu?"

Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, Loyce akiwa amemshika kichwa. Amekufa na figo.

Sasa lile swali la pili. Jana kuna wazee wa ukoo walikaa upande wanasema nyumba ifungwe, mwanamke arudi kwao, watoto wabaki. Familia inasema hapana, Loyce haendi popote, nyumba yake, watoto wake, shamba lake. Shangazi Evodia hajatoka ubavuni mwake tangu Jumanne, tunajua mnajiuliza anamfariji au anamchunga, muulizeni mwenyewe, yupo, mdomo anao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kiomboi na Dodoma, majirani mliochota maji na kuchanja kuni hata kama mlikuwa mnatuangalia kwa wasiwasi, walimu wenzake, na wewe Frank uliyekuja na wanafunzi. Udongo wa kwanza ataweka Loyce, ndipo wengine wafuate, na ukiulizwa njiani kafa na nini, sema figo, usiongeze.

Peniel, mjukuu wetu, watu wote wamekaa, na tumeyasema. Sasa pumzika, baba, kwa amani.