Morris Musyoka, Mdomo Uliosindikiza Malori
Na Fowsiya Abdiwali, Idara ya Fidia, Tawi la Garissa

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bwana Morris Musyoka atafunga droo yake, ambayo haijawahi kufungika vizuri, na kustaafu baada ya kuuza bima za biashara mjini Garissa kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa kawaida yeye ndiye anayeandika wasifu wa wastaafu katika jarida letu, na ana tabia ya kumsifu kila mtu kupita kiasi. Safari hii tumempokonya kalamu.

Alifika hapa Februari 1995 akitokea Mwingi, alikokuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja na mkoba wa ngozi, tai mbili na mafunzo mafupi aliyoyapata Nairobi. Kampuni ilimpangia meza moja nyuma ya duka la mazulia la Aweys. Mshahara haukuwepo. Alikuwa wakala wa kamisheni: akiuza anakula, asipouza anakunywa chai ya rangi. Bima ile ya lazima ya barabarani wenye malori walikuwa nayo tayari, ili askari wasiwasumbue. Kazi ya Musyoka ilikuwa kuwauzia bima kubwa, inayolipa lori lenyewe na shehena yake. Kama kufikia mwisho wa mwaka asingepata hata mwenye lori mmoja, meza ingefungwa na yeye angerudi kwao. Na huko kwao kazi yake ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, na mkewe Mwende alikuwa amebaki na mtoto mchanga akingoja habari njema.

Tatizo lilikuwa yale mafunzo. Nairobi walimfundisha kwamba mteja hununua bima akiogopa, kwa hiyo muuzaji aanze na janga. Sasa, mtu wa Garissa ukiingia dukani kwake mnaulizana kwanza habari: watu, mifugo, mvua, barabara. Chai inakuja. Jambo baya halitajwi mbele ya mali ya mtu, na likibidi kutajwa, unatanguliza Mungu apishe mbali. Musyoka hakuambiwa hayo, na ukimuuliza leo atakwambia kwamba hakuuliza pia.

Mfanyabiashara mkubwa wa kwanza aliyemwendea alikuwa Mzee Nunow, mwenye malori matatu ya kubeba sukari kwenda Wajir na kurudi na mbuzi. Musyoka aliingia, akakataa chai kwa sababu alikuwa na haraka, akanyoosha kidole kwenye lori lililokuwa likipakiwa nje na kumuuliza mzee angefanya nini iwapo lile lingepinduka kesho. Mzee alisema audhubillahi, akasimama na kumwonyesha mlango.

Kesho yake lori lilipinduka karibu na Habaswein.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Sukari ndiyo iliyomwagika, na inasemekana mbuzi wa Habaswein hawajawahi kuwa na wiki nzuri kama ile. Imamu alieleza Ijumaa iliyofuata kwamba mdomo wa mtu haupindui gari, na kwamba tairi la lori lile lilikuwa limeisha hadi linang'aa kama kipara. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakatoka, wakaendelea kumkwepa Musyoka. Hapa kwetu kila mtu ana jina la utani, na yeye alipewa lake wiki hiyo hiyo: Afxun, yaani mdomo mbaya. Madereva walipandisha vioo wakimwona. Mama mmoja muuza maziwa ya ngamia alikuwa akifunika madumu yake kwa shuka mpaka apite. Mimi ni mzaliwa wa mji huu na sitawacheka. Hata mimi ningefunika.

Vijana wetu wapya hupenda kuuliza wakala anapata kiasi gani mwaka wa kwanza. Hesabu ya Musyoka ni fupi. Kufikia Oktoba alikuwa ameuza bima moja tu, ya moto, kwa Shiko, mwenye duka la dawa aliyetoka Nyeri, ambaye alisema umbea wa mtaani haumfikii kwa sababu ya kelele za jenereta yake. Ilikuwa kamisheni ndogo. Musyoka aliishika kama yai, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nauli yake ya kurudi nyumbani.

Aliyemfumbua macho ni Aweys, mwenye duka la mazulia. Alimwambia kwamba haogopwi kwa sababu ya lori. Anaogopwa kwa sababu amemvunjia mtu heshima na hajatoa haal. Haal si bei ya lori. Ni kitu unachompa mtu uliyemkosea, mbele ya wazee, ili jambo liishe na watu wapeane mikono. Musyoka alikuwa akipita mjini miezi yote hiyo na jambo lake likiwa wazi kama kidonda.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. Katika kazi yetu, somo la kwanza ni kwamba usikubali kosa kabla ya uchunguzi. Alipopiga simu Nairobi, mkuu wake alimkataza katakata. Wakala wa bima akienda kulipa kwa ajili ya lori lililopinduka, kesho watakuja wenye malori yote yaliyowahi kupinduka. Musyoka aliweka simu chini, akachukua nauli yake ya kurudi Mwingi, akanunua kondoo dume, sukari na majani ya chai.

Mbele ya wazee hakusema kwamba alipindua lori. Alisema alisimama mlangoni kwa mtu akatamka neno baya, na kwamba alikataa chai yake. Mzee Nunow, ambaye kwa kawaida angezungumza Kisomali na kumwachia mtu mwingine atafsiri, alijibu kwa Kiswahili ili mgeni asikie mwenyewe: “Mimi nimesamehe, wallahi. Lakini mdomo yako ilibindua gari, sasa usirudi na hiyo mdomo Mwingi bure. Kesho kuja kwa malori. Sema gari itafika.”

Kesho yake alfajiri Musyoka alisimama na tai yake mbele ya lori la Nunow lililokuwa likielekea Mandera, akamwambia dereva: utafika salama. Dereva hakuondoka. Musyoka akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Dereva bado anamtazama tu. Mpaka Aweys alipomkanyaga mguu ndipo akaongeza inshallah, na lori likanguruma.

Siku zilizofuata hakula vizuri. Simu za mkononi hazikuwepo, na kama lori lile lingepata hata pancha ya maana, hakuna kondoo ambaye angemwokoa. Lilirudi zima, limejaa vitunguu vya Mandera, na dereva akamshushia gunia moja mlangoni. Tangu siku ile madereva wengine nao wakakataa kuondoka bila kusindikizwa na neno lake. Kabla ya mwaka kwisha Mzee Nunow alikuwa amekata bima ya malori yake yote, na wenzake wakafuata. Meza haikufungwa. Januari Mwende alishuka Garissa na mtoto mgongoni, akakuta mume aliyekonda, wateja, na vitunguu vya kutosha hadi mvua za masika. Jina nalo likabadilika bila mtu kutangaza. Akawa Afnabad, mdomo wa amani.

Ningependa kuishia hapo, lakini nisiposema habari ya matairi Idara ya Fidia nzima itanilaumu. Musyoka hakusahau lile tairi la Habaswein. Kila alfajiri, kabla ya kutamka neno, alizunguka lori, akainama, akapiga kila tairi teke. Akikuta kipara, anafunga mdomo na kwenda kunywa chai. Dereva atabembeleza, tajiri atakasirika, turuboi, msaidizi wa dereva, ataapa kwamba tairi ni jipya; Musyoka anakunywa chai. Mwishowe tairi linabadilishwa. Kwa miaka yote niliyokaa katika idara hii, malori aliyoyasindikiza yeye yametuletea madai machache mno, na sifa hiyo nawaachia wenyewe mwamue ni ya mdomo au ya mguu.

Mengine mnayajua. Alipanda kutoka wakala hadi mkuu wa mauzo wa tawi. Kampuni ilipoanzisha takaful, bima ya kuchangiana inayokubalika kidini, yeye Mkristo wa Mwingi alihudhuria darsa zote za sheikh mpaka wenye maduka wa Hagadera wakaanza kumletea yeye maswali, naye akawarudisha kwa sheikh. Kikombe chake cha muuzaji bora kimekuwa kikizuia mlango wa ofisi usipigwe na upepo. Mawakala wapya aliwafundisha jambo moja kabla ya fomu na viwango: unywe chai ya mtu kwanza, na mwaka wa kwanza usiulize umepata nini, uliza nani anakusalimu.

Mwende, tunakushukuru kwa kutuazima mumeo kila alfajiri. Na wewe Musyoka, tutakukosa vibaya. Ofisi itakuwa kimya, chai itabaki kwenye chupa, na hakuna atakayetukemea kwa kutaja moto kabla ya kumuuliza mtu hali ya watoto wake.

Jumamosi lori la Mzee Nunow litambeba Musyoka, mkewe na makabati yao hadi Mwingi. Shehena imekatiwa bima. Matairi ameyakagua mwenyewe, na mawili yamebadilishwa kwa amri yake. Lilibaki swali moja ambalo madereva walikuwa wakibishana wiki nzima: abiria hawezi kujisindikiza, sasa nani atasema? Mzee Nunow hatoki siku hizi, macho yamefifia, lakini ametuma ujumbe kwamba aletwe kwenye malori alfajiri hiyo, ashikwe mkono hadi mbele ya lori, na mtu asimtangulie kusema.

Sisi tutakuwa nyuma yake kuitikia. Afnabad, utafika salama, inshallah.