Wifi Yangu na Mashina Yaliyooza

Ndugu zangu, asifiwe Mungu aliyenipa pilipili manga, na kwa hekima yake akanipa na wifi!

Mnaomjua Skolastika, dada wa mume wangu, mnanielewa. Baba mkwe alitugawia mipilipili yake: wifi ile ya juu mlimani, mimi ya bondeni karibu na kijito. Akasema wazi, atakayeiacha ife, shamba lake anapewa mwenzake. Ndugu zangu, raha iliniisha! Mipilipili ya Skolastika ilipanda mifenesi ikajaa vichala. Nikipita nageuza uso, halafu naugeuza tena niangalie. Roho inaniuma, jamani!

Yangu nikaitunza kwa hasira. Nikaipandishia udongo shinani kama matuta ya viazi, nikaimwagia na maji ya vyombo. Masika ikaingia. Majani yakawa manjano, yakapukutika. Nafukua shina, jeusi! Mizizi inanuka. Ukafa mti huu, ukafuata wa jirani yake. Nikasema ni wifi huyu, kaniloga! Nikapiga magoti nikalia, Bwana, shamba langu linakwenda kwa Skolastika! Kwa nani? Kwa Skolastika!

Bwana akanijibu kwa wivu huohuo! Asubuhi moja ya mvua ulinisukuma nikamchungulie wifi, nimnase na uchawi wake. Nimejibanza nyuma ya mfenesi, namwona ameinama anaondoa udongo shinani. Anaondoa! Na mtaro umezunguka shamba, maji yanakwenda zake.

"Wifi, unalowa bure," akaniita bila kugeuka. "Njoo uone vizuri."

Akashuka nami bondeni. Tukaondoa udongo niliorundika shinani, tukachimba mtaro, tukakata vitawi vilivyotambaa chini, tukang'oa miti iliyooza na jua lilipotoka tukaichoma. Jembe aliliosha kabla ya kugusa mti mzima, maana ugonjwa huu unatembea na tope. Mashina tukayamwagia maji yenye chokaa na mrututu, ile dawa ya buluu ya kuzuia uozo. Mrututu alipewa na bwana shamba wa serikali ya Mwingereza. Hata bwana shamba anamjua yeye! Wala hakunicheka. Ndugu zangu, hata wema wake niliuonea wivu!

Miti iliyobaki ikapona. Baba mkwe akaja kukagua, akashika majani mabichi, akacheka. Shamba likabaki langu! Nikapiga vigelegele. Naye akasema, "Skolastika amekufundisha vizuri, mwanangu." Vigelegele vikanikauka mdomoni.

Basi nashukuru, na machozi yananitoka. Mtumainini Mungu, ndugu zangu! Msingoje mpaka moyo utakate. Mimi alinikuta nimejibanza nyuma ya mfenesi wa mtu, nimejaa kijicho, akaniokoa hivyohivyo. Mniombee, maana mizizi imepona, lakini roho bado inatibiwa.

Wifi, nakuona unacheka hapo mbele. Simama, watu wakupigie makofi.

Haya, inatosha. Keti.