Mwalimu Gervas Nshoma na Alama ya Kuuliza

Marehemu Mwalimu Gervas Nshoma alizaliwa Nyamiaga, Ngara, tarehe 3 Machi 1946, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Tomasi Nshoma. Alisoma shule ya msingi Rulenge, kisha chuo cha ualimu. Mwaka 1968 alipangiwa kufundisha Kiswahili Nemba, Biharamulo, ambako alipambana na wanafunzi waliochanganya r na l hadi wakamwita Mwalimu Ere, yaani Mwalimu wa herufi L.

Mwaka 1972 alimwandikia Yuster Kazimili barua ya uchumba. Yuster akajibu: "Nimekubari." Marehemu alilisahihisha jibu hilo kwa wino mwekundu, akalirudisha.

"Basi sikubari!" Yuster alimwambia mbele ya shangazi zake.

Ilibidi apeleke mbuzi wa kuomba radhi. Walifunga ndoa Desemba mwaka huohuo.

Alistaafu mwaka 1996, akajifunza kompyuta, na shirika moja la misaada likamwajiri katika kambi ya wakimbizi Ngara. Ndani ya programu ya kompyuta ya kambi, yeye ndiye aliyeandika maneno ya amri yanayoiambia kanzidata, yaani hifadhi ya majina ya wakimbizi, imtafute nani. Aliyaandika kama alivyofundisha: jina lifanane herufi kwa herufi.

Mwaka 1998 alifika Mama Nyirabahizi, aliyepoteza kadi ya chakula. Asipoonekana kwenye kompyuta, wanawe watatu wangekosa mahindi. Marehemu akaliandika jina lake. Kompyuta ikajibu: hayupo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema mama. "Huyu asiyekuwepo anakuamkia."

"Marahaba. Lakini kompyuta haikosei, mama."

"Basi iambie inilishie watoto, maana mimi imeshanizika."

Marehemu alicheka. Kisha akakumbuka kwamba makarani wa kambi waliandika majina kama walivyoyasikia. Akaibadili ile amri: kila penye r au l, iweke alama ya kuuliza, yaani herufi yoyote ikubaliwe. "Nyilabahizi" akatokea papo hapo, na wanawe wote watatu.

Jioni alipofika nyumbani alimwambia mkewe neno moja tu: "Nimekubari."

Alianza kuugua shinikizo la damu mwaka 2003, na alifariki hospitalini Rulenge tarehe 12 Juni 2005. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Mama Nyirabahizi na wanawe wapo nasi hapa.

Fundi wa msalaba ameandika "Gelvas". Tulitaka arekebishe, lakini mjane amekataa.

"Mwacheni arare hivyohivyo," amesema. "Huko watampata tu."

Alale, au arare, kwa amani.