Hiltrud Schömann, Aliyeupatia Kila Mvinyo Chakula Chake

Tarehe 31 Oktoba, siku tutakayoshusha fagio la matawi tunalotundika getini kuwa ishara kwamba tumefungua, na kufunga mkahawa kwa msimu huu, Bi Hiltrud Schömann anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya kulitumikia shamba la mvinyo la Kirfelhof. Uongozi umeniomba niandike ukurasa mmoja kwa ajili ya jarida letu. Nimejaribu, nikashindwa. Ukurasa mmoja unamtosha mtu ambaye hajawahi kubishana nawe kuhusu chumvi.

Alikuja mwaka 1989 kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto Mosel, akaajiriwa kwa muda kuosha glasi. Wakati ule mpishi alikuwa marehemu Bi Kirfel, mama mzazi wa bosi wetu wa sasa. Hiltrud alifanya kazi msimu mzima bila kusema neno. Msimu wa pili akaanza kusema, na tangu hapo hajanyamaza. Bi Kirfel, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alimkabidhi jiko akiwa bado hai na mwenye nguvu, jambo ambalo katika bonde letu ni sawa na kumkabidhi mtu funguo za nyumba.

Wageni wanaosoma jarida hili wajue kwamba hapa Kirfelhof mvinyo hauuzwi mkahawani mpaka upate chakula chake. Kila Machi tunaketi wote kwenye meza ndefu ya jikoni, kuanzia mhasibu mpaka dereva wa trekta. Mvinyo wa mavuno yaliyopita unamiminwa, na Hiltrud analeta sahani moja baada ya nyingine mpaka meza ikubali. Tunaiita Siku ya Posa. Mvinyo uliokosa mwenzi unaitwa kapera, nao unarudi chini kwenye mapipa. Mimi ndiye ninayeutengeneza mvinyo huo, na nimerudishiwa makapera kiasi cha kutosha kunitia adabu.

Zamani Hiltrud alifanya kazi yote hii kwa pua, na pua yake ilikuwa gumzo bondeni. Akisikia harufu ya peasi kwenye glasi, anakwenda kutafuta peasi na majani yanayopatana nayo. Akisikia asali, jikoni kunaokwa kitu chenye asali. Siku moja alishuka kwenye mapipa akiwa bado na mwiko mkononi, akanikuta nimesimama.

"Gisbert," akaniambia, "lile pipa la mwisho linaanza kuwa siki. Harufu imenifuata mpaka jikoni, na wewe uko hapa umesimama kama nguzo ya umeme."

Nilikwenda kuonja. Alikuwa amesema kweli.

Kisha ukaja mwaka 2011. Mwezi Februari alishikwa na mafua makali, akalala wiki mbili. Homa ikapungua, kikohozi kikaisha, lakini harufu hazikurudi. Kahawa ikawa maji ya moto machungu. Mkate ukawa sponji. Hakumwambia mtu isipokuwa mumewe Alfons, ambaye wengi wetu tunamkumbuka akipogoa mizabibu kwenye miteremko yetu mikali ya mawe meusi, amejifunga kamba kiunoni. Hiltrud alidhani ni jambo la siku chache. Siku ya Posa ikafika, na pua bado.

Kwa desturi tunafungua kinywa kwa chupa ya zamani kabla ya kugusa mvinyo mpya. Hiltrud akamimina, akaonja wa kwanza kama ilivyo haki yake, akasema, "Huu uko sawa." Glasi zikazunguka. Mvinyo ule ulikuwa umeharibiwa na kizibo kibovu. Ulinuka kadibodi iliyoloa mvua. Mtu yeyote mwenye pua angejua. Lakini Hiltrud alikuwa amesema uko sawa, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuwahi kukosea, kwa hiyo kila mmoja wetu akaona kasoro ni yake mwenyewe. Bi Notburga wa uhasibu akasema mvinyo una utulivu fulani. Bosi wetu, Volker Kirfel, akafumba macho na kusema anasikia udongo wa vuli kwa mbali. Meza nzima ikatikisa kichwa.

Ottmar Lauxen, dereva wetu wa trekta, hana kipaji cha kutikisa kichwa.

"Jamani, mimi nitasema," akasema. "Kwani nyinyi hamsikii? Huu mvinyo unanuka banda la mbwa!"

Bi Notburga akamkanyaga mguu chini ya meza. "Ottmar, heshima!"

"Heshima gani? Mama Hiltrud, hebu nusa tena. Huu si banda la mbwa?"

Hiltrud akainua glasi, akainusa kwa muda mrefu. Tukamwangalia. Kisha akaiweka mezani polepole.

"Sijui," akasema. "Sinusi kitu, Ottmar. Tangu Februari. Hata ungeniwekea maji ya kuoshea vyombo nisingejua."

Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa huruma kwake, lilikuwa hofu. Mkahawa wetu una miezi minne tu kisheria ya kuuza mvinyo na chakula, na miezi hiyo minne ilikuwa imesimama juu ya pua moja.

Siku iliyofuata Volker alimwita. Mlango ulikuwa wazi, na jikoni kwetu mlango ukiwa wazi maana yake watu wote wamealikwa.

"Mama Hiltrud, usiwe na wasiwasi," alisema. "Tutakutafutia nafasi ofisini. Simu zinalia kutwa, hakuna wa kupokea."

"Nipokee simu?"

"Kwa muda tu. Mpaka upone."

"Na nisipopona? Volker, mimi nimekufunga kamba za viatu hapa hapa jikoni. Usinizungushe kama mgeni. Nipe msimu huu mmoja. Nikiboronga, nitavua aproni mwenyewe, wala hutahangaika kutafuta maneno mazuri."

Volker alikubali, ila kwa shingo upande. Na msimu wenyewe haukuwa wa kumpa mtu nafasi ya kubahatisha. Mwaka uliotangulia jua lilikuwa la kusuasua. Zabibu zilichelewa kuiva, mvua ikanyesha, na mvinyo ukatoka mkali, wa kukunja uso na kukamua mate kwenye mashavu. Mapipa yetu mengi yalijaa huo. Hiltrud asipoupatia chakula, mkahawa hauna cha kuuza, na kibarua chake kinaota nyasi. Wote tulijua hivyo, na yeye alijua kuliko sisi.

Nimekaa na mvinyo maisha yangu yote, lakini majira yale ya kuchipua ndipo nilipomwona mtu akiuanza upya kabisa. Harufu zilikuwa zimeondoka, ulimi ukabaki. Ulimi unajua mambo machache tu: chumvi, utamu, uchachu, uchungu, mafuta, joto na baridi. Hiltrud akaacha peasi na asali na majani yake yote ya kupendeza. Akaanza kujiuliza swali moja: ukali huu una kazi gani? Alikuwa akila kipande cha jibini, anakunywa, anarudia. Anakula samaki aina ya trauti aliyekaushwa kwa moshi, anakunywa, anarudia. Alfons alituambia kwamba nyumbani nako ni hivyo hivyo, hata supu ya Jumapili inafanyiwa uchunguzi.

Jibu lilikuwa kwenye chakula tunachokula sote tangu tumezaliwa: viazi vilivyokunwa, vikachanganywa na kitunguu, mayai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, vikaokwa kwenye chungu kizito mpaka ukoko uwe mweusi kidogo na mafuta yalie. Katika vijiji vyetu viazi hivi vinaliwa na rojo la matufaha. Ndivyo mama zetu walivyotulisha, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Hiltrud akauliza. Akagundua kwamba utamu wa tufaha ndio unaoufanya mvinyo uonekane mkali zaidi, lakini mafuta na chumvi vinauzima ukali wake, na ukali nao unayafagia mafuta kinywani ili utamani kipande kingine. Basi akaliondoa rojo la matufaha.

Nadhani angeondoa msalaba kanisani watu wangelalamika kidogo kuliko vile. Wiki ya kwanza ya msimu, Bi Apollonia Hausen, jirani yetu aliyekuwa na miaka themanini na ushee, aliletewa sahani yake, akaigeuza huku na huku.

"Tufaha liko wapi?"

"Mwaka huu hakuna tufaha, bibi," Hiltrud akamjibu.

"Hakuna? Mmefilisika?"

"Hatujafilisika. Kula ukoko kwanza, kisha kunywa."

"Mimi nimekula viazi hivi kabla mama yako hajaolewa, leo uje unifundishe kula!"

"Sikufundishi, bibi. Nakuomba. Ukichukia, nitakwenda mwenyewe kukutafutia tufaha."

Bibi akala kwa hasira. Akanywa kwa hasira. Akatafuna kidogo, akanywa tena, na safari hii hasira haikuwepo. Hiltrud alikuwa amesimama pale, ameshika kitambaa cha vyombo kwa mikono yote miwili. Hakuweza kunusa kilichokuwa mezani, kwa hiyo alimsoma bibi. Bibi akasukuma glasi tupu mbele bila kuinua macho.

"Ongeza," akasema. "Na tufaha niletee, nitalila peke yake baadaye."

Mvinyo ule mkali uliisha kabla ya fagio kushushwa. Mwisho wa msimu Hiltrud alikaa jikoni akisubiri kuitwa. Volker hakumwita. Alipita akiwa na kreti ya glasi, akasimama mlangoni na kuuliza, "Mwakani tufungue lini, Mama Hiltrud?" Akaenda zake. Hiltrud akageukia sinki na kufungua bomba, na maji yakamwagika muda mrefu bila kitu cha kuosha.

Tangu hapo orodha yetu ya vyakula imekuwa fupi na ya maana. Riesling, mvinyo mweupe wa bonde letu, ile yenye utamu kidogo tunaipa trauti wa moshi. Ile tamu kabisa, ambayo zamani tuliwanywesha wageni pamoja na keki mpaka meno yakafa ganzi, Hiltrud aliipa jibini kali yenye chumvi, na sasa watu wanatoka mjini Koblenz kuifuata. Mvinyo mwekundu mwepesi alituamuru tuupoze kidogo, akauweka na soseji ya damu iliyokaangwa. Miaka ya karibuni jua limekuwa kali hata huku kwetu, zabibu zinaiva mapema, na ni yeye aliyegonga meza kwenye kikao akitaka tuvune kabla ukali haujaisha. "Mkiuza mvinyo mtamu usio na ukali," alituambia, "nitawapikia nini? Uji?" Tukavuna mapema.

Na kuhusu pua, alizikopa zetu. Kila glasi iliyopita jikoni ilisimamishwa. "Unanusa nini?" Jibu la "nzuri" lilikatazwa, na la "matunda" pia. Ilibidi useme tunda gani, limeiva vipi, limekaa wapi. Ottmar aliwahi kusema Riesling moja ya zamani inanuka mafuta ya taa, akidhani anaitukana, kumbe ndivyo Riesling njema inavyozeeka. Bi Notburga, aliyekuwa akisikia utulivu tu katika kila kitu, leo anaweza kukuambia mzabibu umeota upande gani wa mlima. Sisi tulidhani anatufundisha kazi.

Alfons alifariki mwaka 2016. Mwezi uliopita, tukiwa tunapanga viti, nilimuuliza Hiltrud ni harufu ya mvinyo gani anayoitamani zaidi. Alisema hakuna. Akaniambia kwamba miaka ile mitano ya mwisho Alfons alikuwa akirudi kutoka mlimani, hata kabla ya kuvua viatu, anasimama mlangoni na kumsimulia: leo mawe yalinuka mvua, leo maua ya mizabibu yamefunguka, leo mimi mwenyewe nanuka jasho na dawa ya ukungu, kaa mbali. Alipoondoka Alfons, hakubaki mtu wa kumsimulia dunia. Ndipo alipozidi kutusimamisha na glasi zetu.

"Nilikuwa nawasumbua," alisema.

Nilimwambia hapana.

Basi, Bi Hiltrud, kwa niaba ya Volker na wenzako wote, asante kwa jiko, kwa ukali wako na ule wa mvinyo, na kwa kila sahani uliyotupinga nayo ukatushinda. Tunakuombea afya, miguu isiyouma na kiti kizuri kinachoutazama mto. Kuanzia Novemba, kila jioni ya Ijumaa, mmoja wetu atavuka daraja na kuja mlangoni kwako na glasi. Zamu tumeshagawana. Hatutavua viatu kwanza. Tutasimama pale mlangoni tukusimulie, mpaka utosheke.